Bajeti Ilipofika Kituo cha Majani Chai

Kanisani kwetu ushuhuda hutolewa Sabato asubuhi, na mara nyingi huwa wa kuponywa, wa kuepushwa na ajali, au wa mtoto aliyepotea akarudi nyumbani. Wangu ulikuwa wa masomo. Nilipewa dakika chache, nikasema nilichoweza, na ibada ilipokwisha mzee mmoja wa kanisa akanishika mkono akaniambia: "Mwanangu, hayo yaandike. Vijana wetu wanauliza shahada ya pili ya utawala wa umma ni ya nini ikiwa mtu hagombei kiti." Basi nimeyaandika.

Swali la vijana hao ni la haki. Huku Kisii na Nyamira ada ya chuo hutoka kwenye bonasi ya chai, kwenye mikungu ya ndizi inayopakiwa usiku kwenda Nairobi, kwenye ng'ombe wa maziwa anayeuzwa kabla ya wakati wake, na kwenye harambee ambapo jirani asiye na kitu naye hutoa noti yake. Aliyesomeshwa hivyo ana deni, na wanaomdai wana haki ya kuuliza pesa zao zilizaa nini.

Mimi nilizaliwa upande wa Nyamira, chini ya mwamba wa Manga, nikaolewa upande wa Kisii, si mbali na Keroka. Wazazi wetu waliijua wilaya moja tu ya Kisii. Nyamira ilikatwa ikawa wilaya yake mwishoni mwa miaka ya themanini, na Katiba ya 2010 ikazifanya kaunti mbili, nambari 45 na 46. Watu ni wale wale, lugha ni ile ile, majani chai ni yale yale. Nilianza kazi nikiwa karani katika baraza la mji, enzi za madiwani. Mabaraza hayo yalipovunjwa na serikali za kaunti zikaingia baada ya uchaguzi wa Machi 2013, tulirithiwa pamoja na meza zetu, nami nikapewa kazi ya kuandika kumbukumbu za mikutano ya kushirikisha umma. Nilikuwa upande gani wa mpaka si muhimu, kwa maana niliyoyaona pale yanajulikana na makarani wa kaunti nyingi.

Mikutano ile ndiyo iliyonipeleka darasani. Ilitangazwa gazetini, ikafanyika katika ukumbi wa hoteli mjini, saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi mwanamke wa chai yuko shambani, kikapu mgongoni, kwa sababu majani ya siku hiyo lazima yafike kituoni siku hiyo hiyo. Kutoka kwake hadi mjini ni boda boda, kisha Probox iliyojaa hadi kwenye buti, na nauli yake ni unga wa siku mbili. Kwa hiyo waliofika walikuwa wale wale: wafanyabiashara wa mjini, wazee waliostaafu kazi za serikali, vijana wa wanasiasa. Waligawiwa kitabu kinene cha Kiingereza chenye majedwali ukurasa baada ya ukurasa, na kikaanza kujadiliwa papo hapo kabla mtu hajakifungua. Baadaye chai, orodha ya mahudhurio, picha ya pamoja.

Hata hivyo kila mwaka walikuwepo akina mama wawili watatu walioacha chai yao wakaja. Walisimama wakauliza jambo moja: zahanati yetu imejengwa, imepakwa rangi, ina bati jipya, mbona imefungwa? Nami nikaandika kwamba wananchi waliuliza kuhusu kufunguliwa kwa zahanati. Mwaka uliofuata niliandika hivyo tena. Siku moja nilipekua faili za zamani za baraza, za kabla ya kaunti, nikakuta maneno yayo hayo kwa mwandiko wa karani mwingine.

Sentensi ile ilininyima usingizi. Hakuna mtu aliyeikataa. Hakuna ofisa aliyewahi kusema zahanati isifunguliwe. Iliandikwa, ikatiwa sahihi, ikapelekwa juu, na kufuli likabaki mlangoni. Mama mjamzito akaendelea kubebwa kwa boda boda usiku hadi hospitali ya mbali, kwenye njia ambazo mvua ikinyesha hata mtu wa miguu huteleza. Nilitaka kujua maneno ya mwananchi hupotelea wapi kati ya daftari la karani na kitabu cha bajeti. Hicho ndicho nilichoenda kusomea.

Nilisoma Nairobi kuanzia 2015, kwa awamu, huku nikiendelea na kazi. Basi la usiku kutoka Kisii kupitia Narok lilikuwa maktaba yangu; nilisoma kwa tochi ya simu hadi Mai Mahiu, nikashuka alfajiri nikaenda darasani. Mume wangu alibaki na watoto, na mama mkwe akachukua zamu yangu ya kuchuma chai. Natamka hilo wazi kwa sababu shahada ile ina majina ya watu ambao hawakuvaa joho.

Kozi nyingi zilikuwa na manufaa ya kawaida na sitazieleza. Lakini yako maandishi machache yaliyonibadilisha kabisa. Mmarekani Michael Lipsky, katika kitabu cha 1980 kuhusu watumishi wanaokutana na wananchi ana kwa ana, anaeleza kwamba sera ya serikali, kwa mtu wa kawaida, ni kile anachotendewa na mwalimu, polisi au karani wa dirishani. Yanayosemwa bungeni hayamfikii mpaka yapite mikononi mwa hao. Niliurudia ukurasa huo mara nyingi, kwa kuwa karani wa dirishani nilikuwa mimi. Sherry Arnstein naye, katika makala ya 1969, alichora ngazi ya vidato vinane ya ushiriki wa raia: kidato cha chini raia anachezewa tu ili aonekane alikuwepo, cha juu ndiye mwenye uamuzi. Niliichora ngazi hiyo nyuma ya daftari langu nikatafuta mahali pa mikutano yetu ya hotelini. Nilipaona haraka, na palikuwa chini sana.

Kisha mhadhiri mmoja akatutaka kila mtu aandike utawala wa serikali ulivyoanza kwao nyumbani. Nilimwandikia kuhusu Getembe, ambao leo ndio mji wa Kisii. Waingereza waliingia Gusii kwa bunduki mwaka 1905, na baadaye wakajenga kituo chao hapo. Januari 1908 Otenyo Nyamaterere, akitiwa moyo na Moraa mwonaji, alimchoma mkuki ofisa tawala G.A.S. Northcote. Northcote alipona, akapanda vyeo mpaka akawa gavana wa Hong Kong mwaka 1937. Otenyo aliuawa, na kikosi cha adhabu kikapita kikichoma nyumba na kuswaga ng'ombe. Hadi leo naamini mwanafunzi yeyote wa utawala wa umma kutoka kwetu angepaswa kuanza na mwaka huo wa 1908, kabla ya Max Weber na nadharia zake za urasimu. Nilipomaliza kuandika karatasi ile nilielewa kwa nini bibi yangu alinyamaza kila alipomwona mtu wa serikali akipanda mlima na daftari. Ofisi ilikuja kwetu kuchukua kodi na kuhesabu watu. Kuizoea iwe mahali pa kudai kitu ni kazi ya vizazi.

Kitabu kingine nilikikuta kwenye rafu bila kuelekezwa na mtu. Ni cha David Leonard, kimechapishwa 1991, nacho kinafuatilia maisha ya mameneja wanne wa umma nchini Kenya waliofanikisha maendeleo ya vijijini. Mmoja ni Charles Karanja aliyeongoza mamlaka ya chai, KTDA. Mwingine ni Simeon Nyachae wetu, mwana wa Chifu Musa Nyandusi, aliyekuwa mkuu wa mkoa, kisha katibu katika Afisi ya Rais, kabla ya kuingia siasa na kuwa waziri wa fedha. Kwetu Nyachae hukumbukwa zaidi kwa siasa zake, na tulipompoteza Februari 2021 ndizo zilizotajwa sana. Mimi humkumbuka kwa dawati. Alikuwa miongoni mwa waliousukuma mpango wa 1983 wa kuifanya wilaya kuwa kitovu cha maendeleo ya mashambani, ambapo miradi ilitakiwa kujadiliwa na kamati ya wilaya badala ya kuamuliwa yote Nairobi. Ulikuwa mpango mkubwa kwa wakati wake. Lakini mwenyekiti wa kamati alikuwa DC, yaani mkuu wa wilaya, na DC aliteuliwa kutoka juu. Uamuzi ulisogea karibu na watu bila kufika mikononi mwao. Katiba ya 2010 ilikwenda mbele zaidi: kifungu cha 174 kinasema miongoni mwa malengo ya ugatuzi ni kuwapa wananchi uwezo wa kujitawala na kushiriki katika maamuzi yanayowahusu. Tulipewa haki, ila hatukupewa ramani ya njia ya kuifikia.

Nilipofika wakati wa utafiti nilijua nitaandika juu ya nini. Nilirudi kwenye zahanati zilizofungwa, pande zote mbili za mpaka, nikaketi na akina mama, wazee wa vijiji, wauguzi na maofisa wa mipango. Mwaka wenyewe ulikuwa 2017. Wauguzi nchini waligoma kuanzia Juni hadi Novemba, na uchaguzi wa urais wa Agosti ukafutwa ukarudiwa Oktoba. Mama mmoja aliniambia, "Wewe unauliza kuhusu zilizofungwa, na hata zilizokuwa zimefunguliwa zimefungwa." Niliendelea kuuliza.

Jibu lilipopatikana lilikuwa rahisi kiasi cha kuumiza. Majengo mengi ya zahanati zile yalijengwa kwa pesa za CDF, hazina ya maeneo bunge iliyoanzishwa 2003. Kwa hiyo wananchi waliendelea kumwendea mbunge, maana ndiye aliyekata utepe. Lakini kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, vituo vya afya vya mashinani ni kazi ya kaunti. Mbunge hawezi kuajiri muuguzi. Na hata walipoiendea kaunti, waliiendea katika mikutano ya miradi, ambako mazungumzo yalikuwa ya barabara, madaraja na majengo, yaani matumizi ya maendeleo. Mshahara wa muuguzi hauko huko. Uko kwenye matumizi ya kawaida, na kiwango chake huanza kufungwa mapema sana kuliko mwananchi anavyodhani.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 ina tarehe zake. Mpango wa maendeleo wa mwaka unapaswa kufika bunge la kaunti kabla ya Septemba mosi. Waraka wa mkakati wa fedha, unaoweka dari ya matumizi ya kila idara, hufika kabla ya Februari 28. Makadirio yenyewe huwasilishwa kabla ya Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai mosi. Akina mama wetu walikuwa wakija Mei. Kusema Mei kwamba tunataka muuguzi ni kama kufikisha majani kituoni lori la kiwanda likiwa limeshaondoka: majani ni mazuri, mzani upo, karani yupo, lakini hakuna anayeweza kukusaidia leo.

Nilipomaliza 2018, nafasi ya msimamizi wa wadi ilitangazwa, nikaomba, nikaipata. Niseme kidogo kazi hiyo ni nini, kwa kuwa wengi humchanganya msimamizi na mwakilishi wadi. Mwakilishi huchaguliwa, huketi bungeni, hutunga sheria. Msimamizi huajiriwa; ndiye mkono wa serikali ya kaunti katika wadi. Kisii ina wadi 45, Nyamira 20, na kwa hesabu ya sensa ya 2019 kila wadi kwa wastani ina watu wapatao 28,000 hadi 30,000. Kisii yenyewe ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba, na wengi wao ni wakulima wenye vishamba vidogo. Ukiwa na ofisi yenye meza moja na huna gari, unaweza kukaa hapo ukasubiri watu waje na malalamiko hadi ustaafu.

Niliamua kuipeleka bajeti kwa wenyewe. Sehemu ya 87 ya Sheria ya Serikali za Kaunti inataka wananchi wapate habari kwa wakati na kwa njia inayowafikia, nami nikaichukua kama ilivyoandikwa. Nilijiuliza mwanamke wa wadi hii anapatikana wapi akiwa ameketi. Si Jumamosi, maana wengi wetu ni Waadventista na Sabato haiguswi. Si siku ya soko. Si asubuhi. Anapatikana alasiri kwenye kituo cha majani chai, akishapanga majani yake, akisubiri kupimiwa na kusubiri lori. Hapo huketi saa nzima au zaidi, na hapo ndipo habari zote za kijiji hubadilishwa.

Nikachukua kitabu kile kinene nikakipunguza hadi ukurasa mmoja wa Kiswahili: pesa zinazoingia zatoka wapi, zinazotoka zaenda wapi, wadi yetu imeandikiwa nini, na tarehe nne za mwaka kwa herufi kubwa. Maelezo niliyatoa kwa Kiekegusii. Mara ya kwanza walinisikiliza kwa adabu tu, wakidhani natafuta kura. Mara ya pili mong'ina mmoja, yaani mama mzee, ambaye nilimkumbuka kutoka ile mikutano ya hotelini, aliichukua karatasi akaigeuza pande zote mbili. Kisha akasema, "Madam, hebu nionyeshe. Pesa za nesi wetu ziko mstari gani?"

Nilitafuta mbele yao. Hazikuwemo. Hakukuwa na mstari.

Kimya kilichofuata sitakisahau, na baadaye makelele yaliyofuata kimya. Kwa miaka yote walidhani muuguzi ameajiriwa ila mtu fulani amemzuia, kwamba kuna mkubwa aliyewachukia, kwamba waliadhibiwa kwa kupiga kura vibaya. Sasa waliona kwa macho yao kwamba jambo lao halikuwa limekataliwa kwa sababu halikuwa limefika mahali pa kukubaliwa au kukataliwa. Hasira yao ilipata anwani. Nimeyaona mengi tangu siku ile, lakini kama mtu angeniuliza shahada yangu ilianza lini kuwa na maana, ningemwonyesha kituo kile cha chai.

Kutoka hapo kazi ikawa yao. Walikuwa na kikundi cha zamani cha kusaidiana shambani, risaga kama walivyokuta kwa mama zao: leo tunapalilia kwako, kesho kwangu. Kikundi hicho hicho kikaanza kugawana kazi nyingine. Binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne akawa mwandishi. Wakaandika barua kwa kutumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayoipa ofisi ya umma siku 21 kujibu, wakaomba kujua zahanati za wadi zinatakiwa kuwa na wauguzi wangapi na waliopo ni wangapi. Jibu lilichelewa, wakakumbusha, likaja. Kwa majibu hayo wakaandika ombi kwa bunge la kaunti, haki ambayo kila mtu anayo kisheria, wakalipeleka kabla dari za idara hazijafungwa Februari. Siku ya kusikizwa walikodi Probox mbili, wakafika na ombi lao likiwa limepigwa muhuri wa kupokewa.

Si kila mtu alifurahi. Ofisa mmoja aliyenizidi cheo aliniita akaniuliza kwa upole, na upole huo ulinitisha kuliko ukali: "Madam, kwa nini unawapa watu maneno ya kutushinda nayo?" Nilimjibu kwamba maneno hayo yako kwenye sheria iliyotuajiri sisi wawili. Alinyamaza. Baadaye ndiye aliyenisaidia kupata takwimu nilizokuwa nimezikosa, nami namheshimu kwa hilo. Mwanasiasa mmoja naye alikwenda akitangaza kuwa zahanati itafunguliwa naye. Akina mama walimsikiliza, wakamuuliza mstari gani.

Muuguzi wa kwanza aliletwa miezi michache kabla ya korona kuingia nchini Machi 2020. Kufuli lilifunguliwa na mzee wa kijiji, ndani kukiwa na buibui na kiti kimoja. Mikutano ilipopigwa marufuku na watu wakaogopa hospitali kubwa, watoto wa vijiji vile walichanjwa pale pale mlimani. Redio za Kiekegusii, kama Egesa FM, zikawa ndiyo mikutano yetu. Nilijifunza kwamba mtu anaweza kufuata tarehe za bajeti huku akikamua ng'ombe, mradi aambiwe kwa lugha anayoiota. Sitasema kila kitu kilinyooka. Dawa huisha, na zikiisha muuguzi hubaki na maneno matupu. Wakandarasi wa kaunti nyingi hudai malipo kwa miaka, na kazi husimama nusu. Elimu yangu haiwezi kuchapisha pesa. Inachoweza ni kumwonyesha mtu kazi imesimamia wapi na nani anapaswa kuulizwa, na nimeona hilo likibadilisha namna watu wanavyosimama wakizungumza.

Habari zilivuka mpaka bila mimi kuzipeleka. Dada zangu wa upande wa Nyamira walichukua karatasi ya ukurasa mmoja, wakatengeneza yao. Huko Keroka wifi yangu huuza ndizi. Keroka imekaa juu ya mpaka wenyewe, na tangu ugatuzi uanze kaunti hizi mbili zimevutana juu yake, hasa kuhusu nani akusanye ushuru. Maskini mwenye mkungu wa ndizi hajui amlipe nani. Nilimweleza wifi kwamba kifungu cha 210 cha Katiba hakiruhusu ada yoyote itozwe bila sheria kuitaja, na kwamba kila mwaka kaunti hupitisha sheria ya fedha inayoorodhesha ada zake, na mswada wake huletwa kwa umma kutoa maoni. Alicheka kwanza. Siku hizi yeye na wenzake huweka risiti zote ndani ya kopo la maziwa ya unga, na maoni yao huandikwa na kupelekwa kwa kaunti zote mbili. Ugomvi wa mpaka haujaisha. Lakini wale wanaoumia nao sasa wana karatasi mikononi.

Kwa vijana waliouliza, nina hili la kusema. Zamani aliyetaka kusoma utawala alihitaji kwenda Kabete, ilikokuwa taasisi ya utawala tangu 1961, au avuke bahari. Leo Chuo Kikuu cha Kisii, kilichoanza 1965 kama chuo cha walimu wa msingi na kupata hati yake Februari 2013, kiko mwendo mfupi tu kutoka katikati ya mji. Mkienda, msiende na swali la kitabuni. Nendeni na swali la kwenu lililokataa kujibika, mlibebe kila darasa mpaka liseme. Wako wengi waliosoma nami wakahitimu vizuri kuliko mimi na sasa hawakumbuki tasnifu zao zilihusu nini. Yangu siwezi kuisahau, kwa sababu watu niliowahoji hukutana nami njiani wakaniuliza imefikia wapi.

Mama mkwe, aliyechuma chai yangu nilipokuwa darasani, hakuwahi kuniuliza maana ya shahada. Lakini mwaka alipougua shinikizo la damu alitembea mwenyewe hadi zahanati ile akapimwa, akarudi, akaniambia nesi ni mpole. Hiyo ndiyo tathmini niliyoitaka kuliko alama zote za chuo.

Sasa kikundi cha akina mama kinataka chumba cha kujifungulia. Hawakuja ofisini kwangu kuuliza waanzie wapi. Waliketi kituoni wakaandika waraka wa kurasa mbili. Wa kwanza ni wa jengo: ukubwa wake, kiwanja, tangi la maji. Wa pili ni wa wakunga, umeme, dawa na usafiri wa dharura, kwa sababu wameshajua jengo lisilo na ukurasa wa pili huwa nini. Waliusoma kwa sauti mbele ya wote, wakabishana kuhusu idadi ya vitanda, wakatia sahihi, na asiyejua kuandika akaweka dole gumba. Ulipelekwa katikati ya Agosti, kabla mpango wa mwaka haujafika bungeni. Waliupeleka wenyewe, mimi nililetewa nakala.